Kibuyu cha Shangazi na Betri ya Tajiri

Ndugu wasomaji, nichekeni taratibu, maana haya bado haijanitoka. Mimi ni dereva wa lori la Mzee Shabani, mfanyabiashara wa hapa Singida. Kila nikitoka Sepuka, nikiliegesha lori kidogo tu, betri inakufa, na wapakizi wanalisukuma huku wakinitukana.

Nikajifanya daktari wa magari. Nikalaumu dainamo inayochaji betri, ikabadilishwa. Nikalaumu betri, ikaja mpya, nayo ikafa. Basi nikamgeukia Yohana, fundi wetu, nikaapa kuwa ameunga nyaya vibaya. Juzi, niliporudi tena kutoka Sepuka, tajiri wangu, Mzee Shabani, alikuwa amemwita Yohana ghalani amfukuze kazi, kwa sababu tulitakiwa kubeba mizigo ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na lori haliaminiki.

Nikaegesha mlangoni mwa ghala, nikaruka chini kwenda kutoa ushahidi. Shangazi yangu wa Sepuka, ambaye kila safari hunipa kibuyu cha asali, siku hiyo alikuja nami amekipakata.

"Mwanangu, nikitundike palepale unapokitundikaga?" akauliza.

"Palepale, shangazi," nikajibu bila kugeuka, nikizidi kumshtaki Yohana.

Akakitundika kwenye kishikizo cha taa za mbele, kile kinachovutwa ndipo ziwake. Kwa uzito wa asali, kishikizo kikajivuta chenyewe. Nje, kwenye jua kali, hakuna ambaye angeona kuwa zinawaka. Lakini tajiri alikuwa amesimama ndani ya ghala lenye giza, mbele kabisa ya lori. Akaziba macho kwa kiganja.

"Dereva," akasema, "mbona unanimulika mchana?"