Mtu Aliyenimalizia Habari ya Shija

Haya yalinikuta mchana, jua likiwa kichwani, sijalewa wala siumwi, na mwanamke aliyeniuzia wali siku hiyo bado anapika pale Isaka. Ukipita, muulize. Natanguliza hivyo kwa sababu watu wakisikia habari kama hii husema mwenyewe alikuwa na usingizi. Mimi nilikuwa na njaa tu.

Nimezaliwa kijijini, Shinyanga, nikamaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijakaa mahali nikapazoea. Nimeuza mitumba Chato, nimesaga mawe kwenye karasha Geita, nimepakia mizigo kwenye malori mpaka bega moja likashuka. Miaka ya karibuni nilianzisha blogu kwenye simu. Nilikuwa naandika mambo ya zamani ya huku kwetu, na waliosoma wengi walikuwa watu waliohama, wanaokumbuka harufu ya pamba ikiwa kwenye magunia.

Lakini zile zilizosomwa zilikuwa chache. Nyingi zilibaki rasimu. Kama umewahi kuwa na blogu unajua: unaandika nusu, unahifadhi, unajiambia utamalizia kesho. Kesho inakuja na kazi zake. Habari inakaa kule nyuma, hakuna anayeiona isipokuwa wewe.

Rasimu niliyoifungua mara nyingi kuliko zote ilikuwa ya mdogo wangu, Shija.

Shija alikwenda machimboni akiwa kijana, akapiga simu kwa muda, halafu kimya. Nilimtafuta. Nilizunguka kila machimbo niliyoyasikia, na kila mahali nilijibiwa vilevile: "Akina Shija wako wengi. Huku anaitwa nani?" Huko mtu akifika anapewa jina jingine, na jina la nyumbani linabaki nyumbani. Mimi sikulijua lile jingine. Huenda nilisimama juu ya duara, yaani shimo alilokuwa anachimba, nikauliza, wakaniambia hayupo.

Mama alikataa matanga. Alisema hajaona kaburi wala mtu aliyeliona. Nikimpigia simu hakuanza na salamu. Alianza na, "Umempata?"

Ndiyo nikaanza kuandika ile habari, nikitumaini kuna msomaji atakayemtambua. Niliandika tulivyochunga ng'ombe, kovu la kidevuni alilolipata kwenye jembe la kukokotwa, alivyokuwa akiimba kwa pua. Nikafika asubuhi aliyoondoka: alifunga begi, akasimama mlangoni, akageuka. Hapo nikakwama. Sentensi inayofuata ilitakiwa iseme yuko wapi. Nikiandika amepotea, nimemzika. Nikiandika yupo, nimedanganya. Wewe ungeandika nini?

Sasa siku ile ya Isaka. Asubuhi dada yangu Kabula alinipigia akilia. Mama amelazwa, anatema dawa, anasema hamezi kitu mpaka amwone Shija. "Kaka, daktari amesema tujiandae," Kabula aliniambia. Nauli ya kwenda sikuwa nayo, ikabidi nisubiri lori la kupakia mizigo ili niipate.

Nikaingia kwenye kibanda cha Mama Neema. Madereva walikuwa wamejaa wakisubiri karatasi za mizigo yao, na katikati alikaa mtu mmoja wa makamo akiwasimulia. Shati lake lilikuwa na mkono mmoja uliopindwa vizuri na mwingine nyuzi zinaning'inia, kama fundi aliitwa nje akasahau kurudi. Mbele yake kulikuwa na sahani ya wali imeliwa nusu.

Alikuwa anasimulia habari ya mwanamke aliyeuza uji Nyarugusu. Niamini, hata kijiko cha pili cha wali wangu sikukimeza. Ilikuwa rasimu yangu. Neno kwa neno, mpaka mahali mwanamke anainua sufuria na kusikia ardhi inatetemeka. Pale nilipoachia mimi, naye akaacha.

"Ikawaje?" dereva mmoja akauliza.

"Imeishia hapo."

"Wewe mzee ni kama sheli za huku. Foleni ndefu, mafuta hakuna."

Wakacheka. Akaanza nyingine, ya lori lililokwama kwenye msitu wa Biharamulo. Yangu hiyo pia. Akaikata palepale nilipoikata.

"Mama Neema, mrudishie huyu nusu ya hela yake," mwingine akasema. "Hadithi nusu, wali nusu."

Yule mtu hakukasirika. Alinigeukia na kuniambia taratibu, "Ya tatu siwezi kuisimulia mbele za watu. Mwenyewe yupo."

Nilimvuta nje, karibu na reli. Nikamuuliza kama amefungua simu yangu.

"Simu yako nitaijulia wapi, kaka? Mtu akianza habari akaiacha, lazima ikae mahali. Zako zinakaa kwangu. Zimenijaa."

Kisha akaisema yote ya Shija, ng'ombe, kovu, wimbo wa puani, kwa sauti ya kawaida kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Akafika mlangoni. *Akageuka.* Akanitazama.

"Nikumalizie?"

"Unajua alipo?"

"Sijui alipo. Nimekuuliza kama nikumalizie."

Nisikilize vizuri hapa. Hakunificha kitu. Aliniambia waziwazi hajui, na mimi nilisikia, lakini mama yangu alikuwa anakufa. Nikamwambia malizia. Akauliza nataka iishe vipi. Nikasema arudi nyumbani, mama amwone, basi.

Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Akageuka, akarudi nyumbani." Hayo tu. Nilipofungua simu, maneno hayo yalikuwa yameshaandikwa mwisho wa rasimu. Mimi sikuyagusa. Yeye alirudi kibandani, akamalizia wali wake hadi sahani ikawa nyeupe, akapanda lori lililokuwa linaelekea Kahama.

Kabla jua halijazama Kabula akapiga. Alikuwa hawezi kusema vizuri. "Kaka, Shija amekuja. Ameingia wodini. Mama amekunywa uji."

Nilikwenda. Alikuwa Shija. Uso wake, umekomaa kama wangu ulivyokomaa, kovu kidevuni, sauti yake. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto, na kwa siku zile chache sikutaka kujiuliza kitu chochote.

Mama alipotoka hospitali, baba mdogo na wazee wengine walikuja kumwona aliyerudi. Kwetu ukimwamkia mzee kwa Kisukuma, salamu haitimii mpaka umetaja wewe ni wa nani, jina la babu mliyetokana naye. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua. Shija akainama, akaamkia. Baba mdogo akamuuliza wa nani. Akajibu bila kusita, "Wa Malongo."

Babu yetu hakuitwa Malongo. Hakuna Malongo katika ukoo wetu. Jina hilo nilikuwa nimelitunga mwenyewe kwenye rasimu, kwa kuwa sikutaka watu wa mtandaoni waujue ukoo wetu.

Baba mdogo akacheka kidogo. "Machimbo yamemla huyu mpaka babu yake. Karibu nyumbani, Malongo." Wengine wakacheka. Mama akasema, "Mwacheni mwanangu apumzike."

Kesho yake nilimpeleka kisimani tukiwa wawili. Nikamuuliza habari za ng'ombe, akanisimulia kwa maneno yangu mimi, hata ule mfano mbaya niliokuwa nimepanga kuufuta. Halafu nikamuuliza siku mto ulipojaa akanivuta kwa mkanda wake. Hiyo sikuwahi kuiandika. Ni mimi na yeye tu tulioijua.

Akanitazama kwa upole sana. "Hapo sina, kaka. Endelea wewe."

Yupo nyumbani mpaka leo. Analima, anampeleka mama kliniki, watoto wa Kabula wanampenda. Mama amenenepa, na akipiga simu anazungumzia mvua. Nimewahi kufungua ile rasimu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta, na kidole hakikushuka. Nikiifuta, nani ataingia jioni na kuni za mama? Nikiiongezea yale ya mtoni, atayakumbuka, na mimi nitabaki sina hata kimoja cha kumtambulia Shija wangu.

Kwa hiyo nimerudi Geita. Nazunguka machimboni, nauliza, lakini siku hizi nauliza kwa siri, maana jamaa wa nyumbani wako kila mahali na wanajua Shija alisharudi. Mzee mmoja wa karasha aliniambia, "Wewe unamtafuta ndugu gani, wakati ndugu yako nimesalimiana naye mnadani?" Nikamuaga, nikaenda machimbo mengine.

Wewe mwenye rasimu ya mtu uliyempoteza, umeifungua ukakwama, ukaifunga, nakuomba usione aibu. Iache hivyo. Na akitokea mtu mpole, shati lake halijaisha kushonwa, akakuuliza kama akumalizie, mnunulie chakula kingine umwache aende. Habari ikiwa haijaisha, angalau kuna mtu anatafutwa. Wangu hatafutwi tena na mtu yeyote isipokuwa mimi, nami nimeanza kuzeeka. Na kama yuko hai kwenye duara fulani, siku akiamua kwenda kwao, akabisha hodi, na Shija akatoka kumfungulia mlango, yeye atasema ni nani?