Siku Niliyomvua Daudi Kofia Jukwaani

Kama kuna mtu amewahi kuaibika Fort Worth, Texas, kunishinda, tafadhali anitafute tufarijiane.

Daudi ni kitindamimba wetu. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la saba nikamlea, naye akakua akipiga kwenye gitaa zile nyimbo za kantri za Kimarekani ambazo marehemu baba alizipenda redioni. (Ndiyo, kwetu Nyandarua, msishangae.) Tulipohamia Texas, bendi moja ya wazee ikamwalika apige nao wimbo mmoja Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa zamani ambao baba alikuwa akiusikia ukitajwa tu. Wakimpenda, wanamchukua.

Kwenye gari akaniambia, "Dada, nakuomba. Huku watu huketi wakasikiza."

"Kwani mimi nitafanya nini?"

Basi tukaingia, ukumbi mbao tupu, picha za waimbaji wa kale ukutani, Daudi akaanza kupiga, na alivyopiga, jamani, nikasahau niko Texas, nikatoa noti ya dola moja, nikapanda jukwaani nikicheza, mkoba begani, nimtuze kama tunavyotuza kwetu, noti kwenye paji la uso. Lakini paji lilikuwa ndani ya kofia yake pana ya wachunga ng'ombe! Nikaivua. Na kwa kuwa mikono ilijaa, nikaivaa mimi. (Sikujua kofia ya mwanamume wa huko haiguswi ovyo.) Ukumbi mzima ukaguna. Nikalamba noti, nikambandika, nikapiga kigelegele, mlinzi akaja mbio, nami katika kurudi nyuma nikakanyaga waya, ukachomoka, gitaa likanyamaza.

"Dada," Daudi akanong'ona, noti ikining'inia kwenye nyusi, "umenimaliza."

Miaka yote ile ya kumlea, halafu nije kumwangusha mimi mwenyewe!

Kiongozi wa bendi, mzee wa ndevu nyeupe, akamuuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikangoja aseme hanijui. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo.

Daudi akainama, akachomeka waya. "Ni mama yangu," akasema, kisha akaanza wimbo upya, noti ikiwa palepale.

Mzee akanigusia ukingo wa kofia yake kwa heshima. "Karibu, mama. Ila hiyo uliyovaa mrudishie mwenyewe."

Walimchukua. Siku hizi wakipiga nakaa safu ya mwisho, na mkoba nauacha kwa gari. Kigelegele je? Hicho sijamwahidi mtu.