Ukungu Ndani ya Kalamu ya Balozi

Kalamu ya baba ilianza kunuka kabla haijaanza kukataa kuandika. Ilikuwa harufu ya kanga iliyokunjwa ikiwa mbichi na kusahauliwa kapuni siku tatu, na ilimpanda mtu puani pale tu baba alipofungua kifuniko, mezani kwake, kwenye ukumbi wa nyumba yetu ya Kariakoo, si mbali na barabara ya Msimbazi. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mtu wa mtaa wetu aliyetaka kuandikisha mtoto shule, kuomba kazi au kupata sukari kwenye duka la ushirika alihitaji kwanza barua yake, na barua zote ziliandikwa kwa kalamu ile moja nyeusi ya kujaza wino, zawadi aliyopewa alipostaafu bandarini. Mimi, Tatu, nilikuwa na miaka tisa, na sikuruhusiwa hata kuipangusa vumbi.

Masika yale kuta zilitoa jasho na chumvi ikageuka maji. Kalamu nayo ikawa inakwaruza maneno mawili, inanyamaza, kisha inatema tone kubwa katikati ya jina la mtu. Asubuhi moja jirani yetu Mzee Shomari alirudi na barua aliyokwenda nayo kumwombea mwanawe kazi kiwandani. Maandishi yalikuwa yamepauka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima.

"Balozi, wameikataa," alisema. "Wananiambia nimeghushi. Mwanangu karudishwa getini mbele za watu."

Baba aliinua kalamu kwenye mwanga wa mlango. Kwenye nibu palining'inia nyuzi nyeupe, laini, kama manyoya ya kifaranga. Mzee Shomari alirudi nyuma hatua moja. "Hiyo si hali ya kawaida," akanong'ona. "Umetegwa, ndugu yangu. Mtu anataka kukuharibia jina."

Neno lile halikuhitaji kusemwa mara mbili. Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu, na mtu aliyeonekana na sabuni nzima aliulizwa kaitoa wapi. Tulijifunza kutazama vikapu vya wenzetu kabla ya kuwatazama usoni. Basi macho ya nyumba nzima yakaelekea chumba cha nyuma, kwa Dada Elinaike, mpangaji wetu, Mchaga kutoka Kilimanjaro aliyekuwa akifanya kazi zahanati. Alikuwa na miezi minne tu kwetu. Makosa yake yalikuwa kwamba alifunga mlango alipokula, alipokea vifurushi kutoka kwao, na siku moja aliomba kuazima kalamu ile ajaze fomu, akanyimwa.

Baba aliniita pembeni. "Mwangalie yule. Ukiona kitu, uniambie mimi peke yangu." Nilivimba kwa fahari. Siku tatu nilikalia kibao cha mbuzi mlangoni pa jikoni nikijifanya ninakuna nazi, huku nikimhesabia hatua zake. Nikampelekea baba habari: ana chupa yenye unga mweupe, amesimama karibu na meza yako. Yote yalikuwa kweli. Sikusema kwamba alisimama akimpisha mama ukumbini, na kwamba mikono yote miwili ilikuwa imebeba beseni la nguo.

Jioni ile baba alimwita Dada Elinaike mbele ya mama, Mzee Shomari na mimi. Kalamu ilikuwa mezani, juu ya gazeti, kama mzoga.

"Shikamoo, mzee," Dada Elinaike alisema.

Baba hakuitikia. "Unakijua hiki?"

Aliinama, akanusa, akafungua kichupa cha wino na kukiinamisha. Juu ya wino palielea utando wa kijivu kama wa uji uliopoa. "Ni ukungu tu, mzee. Umeota ndani ya wino. Wino huu umwagwe, na kalamu ioshwe."

"Umejuaje upesi hivyo?" Mzee Shomari akadakia. "Na kwa nini unataka wino umwagwe? Na ule unga mweupe wa kwenye chupa yako ni wa nini?"

Nilimwona Dada Elinaike akielewa. Alitutazama mmoja mmoja, na macho yake yakatua kwangu kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kustahimili. "Kumbe ndiyo maana mtoto ananifuata mpaka chooni," alisema taratibu. "Unga wangu ni magadi, nilitumiwa na mama."

Hapo ndipo mama alipoweka chini ungo. "Baba Tatu, muache mtoto wa watu. Wino ulikuwa unakwisha na madukani hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa nauongeza maji ya mtungini, tangu mwezi wa Ramadhani. Niliogopa kukwambia."

Dada Elinaike alikwenda chumbani, akarudi na kipande cha sabuni yake. Alichomoa nibu, akaubinya mpira wa kunyonyea wino ndani ya bakuli la maji vuguvugu, akamwaga, akabinya tena, mpaka maji yakatoka meupe. Akaifunga kwenye kitambaa. "Ikauke siku mbili, mzee. Na usiitie wino ule tena." Baba alisema ahsante kwa sauti ndogo. Pole hakusema. Mwisho wa mwezi Dada Elinaike alihamia Buguruni, na mimi nilijificha uani asinikute kuniaga.

Mzee Shomari aliandikiwa barua nyingine, kwa wino baba aliouomba bandarini, mwanawe akapata kazi. Siku hizi nimekuwa mtu mzima, na mtaa wetu hauna haja ya kutuma mtoto akachungulie. Tuna kundi la mtaa kwenye simu. Juzi iliwekwa picha ya binti anayefanya kazi nyumba ya pili, na maneno: *Mjihadhari naye, ana mkono mrefu.* Katika muda mfupi watu kumi na wawili walikuwa wameshamhukumu. Niliandika: "Nani kamwona akichukua nini?" Nilingoja mpaka adhuhuri, hakuna aliyejibu. Nikavaa viatu, nikaenda nyumba ya pili kumbishia hodi yule binti.