Ndege Ilipita Juu ya Kishanda

Ndege ya Mwanza, Taata alikuwa akisema, inafika Bukoba kabla sufuria ya ndizi haijaiva. Hakuwahi kuipanda. Alisikia hivyo kwa madereva wa malori ya kahawa, akaamini, na baba yangu akishaamini jambo huna la kumwambia.

Ndiyo maana simu ya kaka ilipotufikia Kishanda, kwamba bosi wake Mwingereza amempatia nafasi kwenye ndege ndogo, mzee alichangamka utadhani haumwi. Alikuwa anakufa, na alijua. Alitaka kwanza amwonyeshe mwanawe mkubwa mipaka ya kibanja chetu, kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi, kama tunavyofanya sisi Wahaya. Bila hivyo baba mdogo angeusogeza mpaka wa chini. Sote tulimjua.

Asubuhi tukaisikia. Ziwani kulikuwa na dhoruba, kwa hiyo rubani alifuata ufuo na kupita juu ya migomba yetu kabisa. Mama akapiga vigelegele. Taata akasema, "Huyo amefika! Nitoeni nje."

Amefika wapi? Bukoba! Kwa ndege Bukoba ni hapo tu. Kwa barabara ya enzi zile, na mvua ile, ni kupanda lori mpaka likwame, halafu miguu. Nikamwambia. Akanifokea, "Nyamaza! Si umemsikia mwenyewe?" Tukambeba kwenye machela hadi uani. Akakataa kula, eti atakula na mgeni wake.

Ndizi zikaiva, zikapoa. Jua likapinda. Niliichukia ndege, nikamchukia na kaka, lakini zaidi nilimchukia baba mdogo, aliyekuwa akiitazama barabara tupu na kutabasamu.

Mwishowe Taata akaniita. "Wewe miguu unayo?"

"Ninayo, Taata."

"Basi twende mpakani."

Baba mdogo akaruka. "Mtoto wa kike? Tangu lini?"

"Shika machela," Taata akamjibu.

Akashika. Ikabidi ambebe kaka yake kutoka mulamula mmoja hadi mwingine, ile miti tunayopanda mipakani. Kila tulipofika, Taata alitaka niushike na kumtaja jirani wa upande wa pili, kwa sauti, majirani wakisikia. Niliwataja wote.

Kaka aliingia kesho yake, matope hadi magotini. Watu walikuwa wameshaanza kuchimba kaburi. "Niliiona nyumba," alikuwa akirudia tu. "Niliona hata moshi wa jikoni." Nilikuwa nimemwekea maneno makali, yakaniishia.

Baada ya mazishi tulizunguka kibanja. Kwenye mulamula wa chini kaka alinipita, akamgeukia baba mdogo amuulize, wanaume kwa wanaume.

"Muulize dada yako," baba mdogo akasema. "Ndiye aliyeonyeshwa."