Nilivyong'arisha Bomba la Moshi Kongowe

Jamani, nina aibu yangu. Kazi yangu ni kusafisha mabomba ya moshi ya majiko ya hoteli, maana mafuta yakiganda humo, cheche moja inateketeza jengo. Juzi Mama Neema wa Kongowe aliniita. Juu ya paa nikakuta mabomba mawili, nikachagua lililo karibu na ngazi. Fundi mzoefu haulizi! Nikakwangua hadi likang'aa, nikashuka kifua mbele.

"Mama, sasa hata ukaange ng'ombe mzima, moto hauna pa kushika. Washa!"

Akawasha. Moshi wote ukaturudia, tukakohoa. Mara akaingia jirani, mshindani wake wa supu, na sahani ya pilau.

"Yuko wapi fundi aliyesafisha bomba langu? Mungu ambariki!"