Kipaza na Breki Zilizolia Harusini

Kila aliyewahi kuoa au kuozesha pale mjini alimjua mshereheshaji mmoja aliyeitwa Kipaza. Alizaliwa na sauti nene, akaikuza, ikamlisha yeye na mkewe na kuwajengea nyumba. Ila moyoni alikuwa na kijidonda: alichoka kufika kwenye harusi za wakubwa na kigari chake cha milango miwili, walinzi wakamwelekeza mlango wa wapishi. Basi akajikamua, akanunua gari la kifahari. Jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na viti vya ngozi vinavyomkanda mtu mgongo. Mkewe alilizunguka lote, akauliza, "Sasa hili litalala wapi, na sisi tulale wapi?"

Siku za mwanzo Kipaza aliendesha shingo imekakamaa, akipunguza mwendo penye watu na kuongeza pasipo na mtu. Kisha breki zikaanza kulia.

Zilianzia pabaya. Wageni walikuwa wamejipanga mbele ya ukumbi wakimngoja bibi harusi, naye Kipaza akaona hapo ndipo pa kujionyesha. Akaja taratibu, kioo kimeshushwa, kiwiko nje. Akakanyaga breki. Gari likatoa mlio mwembamba, mrefu, wa kutia meno ganzi.

Shangazi wa bibi harusi akaruka. "Jamani, nani amekanyaga paka?"

Watu walicheka mpaka bibi harusi akafika na kuingia ndani bila kutazamwa.

Kesho yake akaenda kwa wakala aliyemuuzia. Huko mteja hupokewa kama balozi: kochi laini, kahawa, na dada wa mapokezi anayetabasamu hata ukimtukana. Meneja wa huduma, bwana mmoja mwenye tai nyembamba, akapanda naye gari wakazunguka mtaa. Breki zikanyamaza kama zimefiwa.

"Mbona ziko sawa, mzee?"

"Zinakuonea haya. Jana zimelia watu wakaziba masikio."

"Ah, hiyo ni kawaida kwa magari ya hadhi hii. Labda ni mguu wako. Jaribu kukanyaga kwa upole."

Kipaza alikuwa na majibu tele mdomoni, lakini neno "hadhi" likamlainisha. Akashukuru, tena akaondoka na kalamu ya bure.

Akaanza kukanyaga kama mtu anayebembeleza mtoto. Kelele zikapungua, gari nalo likaacha kusimama. Jumapili alipoingia uani kwa mama mkwe wake, lilipita pale alipokusudia, likalaza vyungu vyote vya maua, likatulia kwenye kamba ya nguo na shuka juu ya kioo. Mama mkwe akaja, akainua ncha ya shuka kwa vidole viwili.

"Mkwe wangu, umekuja kutusalimia au kutuhamisha?"

"Ni breki, mama. Wamesema ni kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Akarudi kwa wakala. Kahawa. Tabasamu. Kawaida. Akaambiwa asubiri kupigiwa simu.

Simu ikaja kweli, ila ilikuwa ya kumpa kazi: wakala alikuwa akiwaandalia wateja karamu ya shukrani, na alihitaji mshereheshaji. Mtu mwenye msimamo angekataa. Kipaza alikubali kabla meneja hajamaliza kusema.

Jioni ya karamu aliapa kufuata ratiba na kufunga mdomo wake. Lakini alipowaona wenye magari wenzake, wamekaa wamevimba vilevile kama yeye, ulimi ukamwasha.

"Mabibi na mabwana, kabla ya chakula, tumsikilize mgeni wetu maalumu."

Akabana pua, akausogeza mdomo kwenye maikrofoni, akautoa mlio wa gari lake, uleule.

Ukumbi ukawa kimya. Leo nimejichongea, Kipaza akajiambia. Mara mama mmoja, daktari wa meno, akasimama meza ya nyuma.

"Hilo langu!"

"Langu linalia hata likirudi nyuma," mzee mmoja akadakia.

"Mimi huliacha mtaa wa pili nisiamshe wajukuu!"

Meneja akakimbilia jukwaani, akamnyang'anya maikrofoni. "Ndugu wateja, hiyo ni..."

"Kawaida!" ukumbi mzima ukamalizia.

Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye kampuni, bibi mfupi mwenye miwani. Alipokwisha kujifuta machozi, akauliza kwa sauti ndogo nani aliyewaambia wateja hivyo. Meneja akatazama viatu vyake. Bibi akaagiza kila gari lirudishwe na kufunguliwa.

La Kipaza lilikutwa pedi zimelika upande mmoja na mafuta ya breki yanavuja. Wakabadilisha vyote bila kumtoza kitu. Hawajamwalika tena katika karamu zao.

"Umepata breki, umepoteza mteja," mkewe alimwambia siku walipokwenda kulichukua.

"Mdomo wangu huo. Ungekuwa na breki nao, tungekuwa mbali."

Njiani Kipaza akakanyaga breki. Kimya. Akasogea kidogo, akakanyaga tena.

"Mbona unasimama na hakuna gari mbele?"

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Hakuna kitu," akajibu huku meno yote nje, akakanyaga mara nyingine. Dereva aliyekuwa nyuma yao akapiga honi ndefu, akatoa kichwa dirishani na kumuuliza leseni aliiokota wapi.