Kinanda na Sauti Yake ya Zamani

"Mjomba, huyo mtu wa ndani ya kompyuta akichoka, nani atakusomea?"

Aliyeuliza alikuwa mpwa wake wa miaka minane, kakaa juu ya meza ya mjomba, miguu inaning'inia, spika moja ya sikioni kaitia sikioni mwake na nyingine imebaki kwa mwenyewe. Alichosikia humo kilikuwa kelele tupu, kama punje za mahindi zinazomwagwa juu ya bati. Mjomba, ambaye aliacha kuona tangu akiwa na miaka minne, alikuwa anaelewa kila neno, na penye kichekesho alicheka.

"Huyu hachoki," alijibu. "Na wewe shuka hapo, utanivunjia kibodi."

Ofisini walimwita Kinanda. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za vikao vya baraza la mji na kuzichapa, na vidole vyake vilikwenda kasi hivi kwamba waliopita mlangoni walidhani mvua imeanza. Mgeni akiingia chumbani humo kwa mara ya kwanza alishtuka: mtu anachapa mbiombio mbele ya skrini nyeusi tii. Kinanda hakuwahi kuiwasha. "Niiwashe ya nini?" aliuliza. "Mimi siioni, na wewe hayakuhusu."

Kompyuta ilimsomea kwa sauti ya kiume yenye mikwaruzo, iliyotengenezwa na watu ambao Kiswahili hawakuwahi kukionja. Mwanzoni ilikuwa vituko vitupu. Kila penye "Mh." ya mheshimiwa, sauti iliguna "mmh" kama mtu mwenye jino bovu, na kikao cha waheshimiwa thelathini kikasikika kama wodi ya wagonjwa. "Ng'ombe" ndiyo kabisa, ilimkata vipande kabla hajafika machinjioni.

Kinanda akaamua kuifundisha. Programu ile ilikuwa na orodha: unaandika neno, kisha unaandika namna ya kulitamka. Kila alipokutana na neno lililovunjwavunjwa, alisimamisha kazi, akaliingiza, akaendelea. Alifanya hivyo miaka kumi na miwili. Orodha ikafika maneno elfu nne na mia mbili. Na kila mwaka aliongeza kasi ya usomaji kidogo, hadi ikawa sauti ile haisikilizwi na mtu mwingine yeyote duniani ila yeye. Walikuwa kidole na pete.

Mtu asiyejua alikotoka angeona ni mazoea tu. Lakini Kinanda, kabla ya kompyuta ile, alikuwa mtu wa kusomewa. Barua zake zote zilipita mikononi mwa dada yake, mama wa yule mpwa. Barua za kazi, barua za benki, hata ile moja ya binti waliyesoma naye ukarani. Dada alisoma huku akitia yake: "Anasema anakukumbuka usiku na mchana. Mwongo huyu. Hata mwandiko wake ni wa mtu mwongo." Uchumba ule haukufika mbali. Basi siku kompyuta ilipomsomea karatasi yake ya kwanza bila mtu katikati, Kinanda alifunga mlango akaisikiliza mara sita. Lilikuwa tangazo la kukatwa maji.

Sasa likaja tangazo jingine. Kufikia mwisho wa mwezi, kompyuta zote za ofisi zingewekewa mfumo mpya. Ule wa zamani ulikuwa umeachwa na waliouunda, haulindwi tena dhidi ya virusi, na usingeruhusiwa kwenye mtandao wa ofisi. Kinanda aliulizia habari za programu yake. Jibu likaja fupi: kwenye mfumo mpya haifanyi kazi, na orodha yake haihamishiki.

Akampigia rafiki yake, naye asiyeona, aliyekuwa akipokea simu katika hospitali moja na alikuwa ameshahamia mfumo mpya.

"Ndugu yangu," rafiki alisema, "kwanza utalia. Halafu utazoea."

"Nitalia kwa muda gani?"

"Mimi bado nalia. Ila nalia huku nafanya kazi."

Jumanne moja Kinanda alitoka kwenda kunywa chai. Nyuma yake akaingia fundi wa kompyuta, kijana mgeni pale ofisini, anapita chumba kwa chumba kukagua mashine. Akaiona skrini nyeusi. Akabonyeza kitufe cha skrini, wapi, maana waya wake Kinanda alishauchomoa miaka mingi iliyopita. Fundi akaandika kwenye daftari lake "imekufa", akachomoa nyaya zote, akabeba kompyuta pamoja na kurasa mbili zilizokuwa hazijahifadhiwa.

Kinanda aliporudi alikaa, akapapasa chini ya meza, akagusa vumbi la umbo la pembe nne. Alishika fimbo yake, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha mafundi.

"Shikamoo mzee," fundi alisema.

"Marahaba. Kompyuta yangu iko wapi?"

"Ile ilikuwa imekufa, mzee. Skrini haiwaki kabisa."

"Hata mimi macho hayawaki. Nimekufa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na fundi akatamani ardhi ipasuke. Aliomba radhi mara tatu, kisha, kwa kutaka kumpoza mzee, akamwambia asikilize sauti ya mfumo mpya kwenye mashine iliyokuwa pale. Akaifungulia kumbukumbu za kikao.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka. Ilisema "Mheshimiwa" bila kufundishwa. Ikasema "ng'ombe" kama mtu aliyewahi kukamua. Kinanda aliitegea mitego yote aliyoikumbuka, ikaipita yote. Alisimama pale ameshika ukingo wa meza, akihesabu moyoni miaka kumi na miwili ya kumfundisha mtu mwingine yale ambayo huyu alizaliwa anayajua.

"Ongeza kasi," alisema.

Fundi akaongeza. Akaongeza tena. Walipofika nusu tu ya kasi yake ya kila siku, maneno yalishikana yakawa mvumo.

"Nirudishie yangu," Kinanda alisema.

Alhamisi akaitwa na mkuu wa masjala, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Masjala. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja, na alimpenda Kinanda kweli.

"Kinanda, wewe ni mtu wetu. Nimeshaongea na wakubwa. Tutakuachia mashine yako hiyo hiyo, nje ya mtandao. Wenzako watapokea rekodi kwa mtandao. Wewe tutakuletea kwa mkono, kidogo kidogo. Zile fupi fupi."

"Na ndefu?"

"Jamani, si utapumzika kidogo? Umechapa vya kutosha."

Alimshukuru, akatoka. Lakini neno lile "kidogo kidogo" lilimwandama kama nzi. Alimfahamu mtu mmoja pale ofisini aliyeletewa kazi kidogo kidogo, mpiga chapa wa mashine za zamani. Kwanza akawa anapanga bahasha. Kisha akawa anakaa dirishani. Kisha ikakatwa keki ya kumuaga, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama anataka kuondoka.

Jioni, nyumbani kwa dada yake, aliligeuza neno mezani. Mpwa, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na sita, alikuwa upande wa pili na madaftari ya shule, masikio yote kwa wakubwa.

"Nikibaki, naanza kuletewa," Kinanda alisema. "Kazi inaletwa, kesho na barua inaletwa, keshokutwa nasomewa. Nikihama, naanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Na miaka yangu hii hamsini na mmoja!"

"Kwani wa darasa la kwanza hawali?" dada alisema. "Leta sahani."

"Nazungumza jambo zito, wewe unaniambia sahani."

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Utafungwa kamba wiki mbili tatu, itakatika. Leta sahani, chakula kinapoa."

Asubuhi ya Ijumaa alikwenda kwa fundi kabla hajaingia chumbani kwake.

"Weka mfumo mpya. Ila nakaa pembeni yako. Wakati inajiweka haitakuwa na sauti, kwa hiyo wewe ndiye utanisomea. Kila kinachotokea. Usiruke neno."

Fundi akaunganisha skrini, akaanza. Hakuwa amezoea kusoma kwa sauti. "Tafadhali subiri," alisoma. "Asilimia tano. Tafadhali... subiri."

"Mbona umenyamaza?"

"Haijasema kitu, mzee."

"Basi sema haijasema kitu."

"Haijasema kitu. Bado haijasema kitu. Asilimia sita."

Wakafika mahali fundi akakohoa. "Inauliza kama una uhakika. Ukiendelea, vya zamani vyote vinafutika."

Kinanda alitoa mfukoni flashi. "Nakili orodha yangu kwanza."

"Lakini mzee, huku haitafunguka."

"Najua. Nakili."

Fundi akanakili, akamrudishia. Kinanda akaifungia kwenye leso. "Haya. Kitufe kiko wapi?"

"Nikubonyezee?"

"Nionyeshe tu."

Fundi aliupeleka mkono wa mzee hadi mahali pake. Kinanda akabonyeza mwenyewe.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu. Njia za vitufe alizozijua usingizini zilikuwa zimehamishwa kama vyombo vya jikoni baada ya mgeni kuosha. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili. Kwa mara ya kwanza, Mama Masjala alirudishiwa kumbukumbu zenye makosa na Kinanda. Alizisahihisha mwenyewe kimyakimya, lakini Kinanda alijua, kwa sababu nakala ya mwisho aliisoma pia. Kila Jumatatu aliongeza kasi ngazi moja, akakaa nayo wiki nzima hata kama kichwa kinamuuma. Wiki ya saba wakaanza kumpa tena vikao virefu.

Jumapili moja mpwa wake alimkuta nyumbani anachapa. Aliomba spika moja, akasikiliza. Yule mwanamke alikuwa anakwenda mbio, lakini neno moja moja bado lilishikika.

"Mjomba, zamani niliwahi kukuuliza. Huyo mtu akichoka, nani atakusomea? Ukaniambia nishuke mezani."

Kinanda akatoa spika ya pili sikioni.

"Alichoka kweli," alisema. "Nikasomewa na fundi, masaa matatu, na kusoma kwenyewe hajui. Siku hiyo nilikuwa nimeiogopa maisha yangu yote, mwanangu. Kumbe ilikuwa Ijumaa tu."